Zidaka na Sahani Zake

Neno kuhifadhi lina maana mbili, na hapa Lamu tunazitumia zote kila siku bila kuzigonganisha. Mwanafunzi wa chuoni anahifadhi juzuu: anaisoma, anairudia, anasikilizwa na mwalimu, mpaka aweze kuitoa kwa ghibu bila msahafu mbele yake. Serikali na mashirika nayo yanahifadhi mji: yanapiga picha, yanaandika orodha, yanakataza kuta kuvunjwa ovyo. Neno ni lilelile, kazi ni mbalimbali. Anachokihifadhi mtoto lazima kiwe kinatembea, kwani kikikaa wiki tatu bila kupita mdomoni kinaanza kuchomoka. Wanachokihifadhi wenye makavazi sharti kitulie. Kikitembea, basi kimeibiwa.

Nataka kuisoma Al-Inkishafi nikiwa na maana hizo mbili mkononi, kwa sababu naona tumeizoea kwa maana moja tu, ile ya makavazi. Na nataka kuisoma kwa msaada wa watu ambao Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir asingewatarajia kabisa: wanasayansi wanaochungulia jinsi ubongo unavyojifunza jambo na kulishika. Msomaji usiogope. Sitakuletea hesabu za kukuumiza kichwa. Nitakuletea ukuta, vishubaka na sahani, vitu ambavyo vimo ndani ya shairi lenyewe.

Shairi hili lilitungwa mwanzoni mwa karne ya 19, wakati mji wa Pate, uliokuwa na nguvu na mali katika visiwa hivi, ulikuwa umeanguka au unaendelea kuanguka. Lina beti zaidi ya 70, na idadi hubadilika kidogo kutegemea nakala unayoishika. Lilitoka kwa chapa pamoja na tafsiri ya W. E. Taylor katika kitabu cha Stigand cha mwaka 1915, kisha William Hichens akalitoa peke yake mwaka 1939. Tangu hapo limesomwa zaidi kama maombolezo. Mwalimu wa shule atakwambia ni shairi la kuonya kwamba dunia ni mapito. Mwanahistoria atakwambia ni ushahidi wa utajiri wa Pate: taa, kumbi, vyombo, watumishi. Wote wawili wana haki. Lakini wote wawili wanaliangalia shairi kama chumba cha makumbusho: unaingia, unatazama vilivyokufa, unasikitika, unatoka.

Mimi naona mgogoro wa shairi uko kwingine. Mshairi hasemi na Pate. Anasema na moyo wake. Anauuliza kwa nini hauzinduki, kwa nini umeambiwa mara nyingi na bado haujashika. Mifano yote ya dunia, majumba yote yaliyobomoka, majina yote ya watu walioondoka, yanaletwa kama dawa ya moyo huo mmoja usioshika. Kwa hiyo swali la Al-Inkishafi ni swali la kujifunza. Mtu anaambiwa jambo, analielewa, analikubali, na kesho yake amekuwa kama hakuambiwa. Kwa nini? Na afanyeje ili likae?

Jibu la mshairi, naona, limefichwa katika picha moja ambayo watu hupita juu yake haraka. Akiwa ndani ya majumba ya Pate, anaonyesha zidaka zilizokuwa zimepangwa sahani, na kusema kwamba sasa ni makinda ya ndege yanayolala humo.

Kwa asiyezijua, zidaka ni vile vishubaka vya ukutani katika nyumba zetu za mawe, ambavyo Kiswahili cha shule kingeviita vidaka. Ukipita daka la mlangoni, ukavuka kiwanda, ukapita misana na kufika ndani kabisa, unakuta ukuta mzima wa chokaa umechongwa vishubaka safu kwa safu, kimoja juu ya kingine, vyenye matao na nakshi. Humo zilipangwa sahani na bakuli zilizosafiri kutoka China, vyombo vya shaba, vitabu. Sahani haikuzaliwa na kidaka chake. Ilitoka kwa mgeni, kwa mfanyabiashara, kwa mahari ya bibi arusi. Ikivunjika, nyingine ilikaa palepale. Siku ya karamu ziliteremshwa, zikapakuliwa chakula, zikaoshwa, zikarudishwa, na wala si lazima kila moja irudi mahali ilipotoka. Ukuta ulibaki vilevile machoni. Aliyeingia alisema, "Nyumba hii ina sahani zake," wala hakuuliza kama ndizo zilezile za mwaka jana.

Shika picha hiyo, tuingie kichwani.

Ubongo wa binadamu una seli za neva zipatazo bilioni 86. Seli hizo hazigusani moja kwa moja. Penye kukutana mbili pana mwanya mdogo mno, kama nanomita 20 hivi. Mahali hapo pa kukutania panaitwa sinapsi. Seli ya upande huu ikitaka kusema na ya upande ule, inamwaga kemikali ndani ya mwanya, na katika sinapsi nyingi zinazohusika na kujifunza kemikali hiyo ni glutamati. Upande wa pili kuna protini zilizopandwa kwenye utando wa seli, kazi yake kuipokea. Hizo ndizo vipokezi. Glutamati ikikinasa kipokezi, kinafunguka kama kijilango, chaji ya umeme inaingia, na seli ya pili imesikia.

Vipokezi vinavyofanya sehemu kubwa ya kazi hiyo ya haraka huitwa vya AMPA. Sinapsi moja huwa navyo makumi kadhaa, pengine mia au zaidi. Na hapa ndipo penye siri: ukiwa na vipokezi vingi mahali hapo, neno lilelile linasikika kwa nguvu. Ukiwa navyo vichache, linasikika kama mnong'ono. Kujifunza, kwa sehemu kubwa, ni kubadilisha hesabu hiyo. Njia fulani kati ya seli zinaongezewa vipokezi, nyingine zinapunguziwa.

Nani anaamua kuongeza? Kando ya vile vya AMPA kuna vipokezi vya aina nyingine, vya NMDA, ambavyo kwa kawaida vimezibwa na chembe ya magnesiamu kama kizibo cha chupa. Glutamati peke yake haikitoi kizibo hicho. Kinatoka pale tu ambapo seli ya pili nayo imekwisha kuchangamka wakati huohuo. Yaani msemaji na msikilizaji wawe macho pamoja. Kikitoka, kalsiamu inaingia ndani ya seli, na kalsiamu ndiyo mpiga mbiu: inaamsha protini nyingine, na vipokezi zaidi vya AMPA vinakamatwa na kubakishwa penye sinapsi. Mwaka 1973 Tim Bliss na Terje Lømo walichapisha utafiti walioufanya Oslo kwa sungura, wakaonyesha kwamba njia ya neva ikichochewa kwa mkupuo wa nguvu, inabaki na nguvu hiyo kwa saa nyingi baadaye. Mwaka 1999 maabara ya Roberto Malinow huko Marekani ilivipaka vipokezi rangi inayong'aa, ikaona kwa macho vikihamia kwenye sinapsi baada ya uchochezi.

Mpaka hapo mtu angeweza kufikiri kwamba kumbukumbu ni sahani: umezileta, umezipanga, umezifunga, kwisha. Lakini mwaka 2002 Daniel Choquet na mwenzake Borgdorff, Bordeaux, Ufaransa, walionyesha jambo lililowapa watu kazi ya kufikiri upya. Waliona vipokezi havikutulia. Vinazurura juu ya utando wa seli, vinafika mahali vinasimama, halafu vinaondoka tena. Chini ya utando, penye sinapsi, kuna protini za kushikilia, zilizopangwa kama safu, na kipokezi kinachopita kinaweza kunaswa hapo kwa muda. Kikitoka, kingine kinakuja kukamata nafasi. Wataalamu wenyewe wanazizungumzia hizo kama nafasi za kukalia. Mtu wa Lamu ana neno bora zaidi: ni zidaka.

Na mwaka 2017 watu haohao wa Bordeaux walifanya jaribio ambalo, kwangu mimi, linafaa kusomwa na kila mhakiki wa fasihi. Walivifunga vipokezi vya juu ya utando vishikane, visiweze kuzurura. Sinapsi iliendelea kusema na kusikia kama kawaida. Kilichovurugika ni ule uwezo wa kuongeza nguvu. Panya waliofanyiwa hivyo kwenye hipokampasi, sehemu ya ubongo inayohusika sana na kumbukumbu mpya, walishindwa kujifunza vizuri kwamba chumba fulani ni cha hatari. Hebu tafakari. Walichonyimwa panya hawa si sahani. Sahani zilikuwapo tele. Walinyimwa ule mwendo wa sahani.

Sasa linakuja swali gumu zaidi, na aliyelitamka wazi ni Francis Crick, mmoja wa waliogundua umbo la DNA. Mwaka 1984 aliandika makala fupi akiuliza: ikiwa molekuli za ubongo zinachakaa na kubadilishwa baada ya siku, wiki au miezi michache, kumbukumbu ya utotoni inakaaje miaka 70? Protini iliyokuwapo siku ulipojifunza Fatiha imekwisha kuvunjwavunjwa na kutupwa zamani. Fatiha ipo. Imekaa juu ya nini?

Watafiti wamekuwa wakipendekeza majibu. Mojawapo, lililotolewa mwaka 2024 na kundi la Marekani akiwamo Todd Sacktor na André Fenton, linasema kuna protini iitwayo KIBRA inayokaa penye sinapsi zilizoimarishwa kama alama, na nyingine iitwayo PKM-zeta inayokuja kushikamana nayo na kuvibakisha vipokezi. Kila moja inachakaa kwa wakati wake, lakini haziondoki zote kwa pamoja. Iliyobaki inaikaribisha mpya. Walipouvunja mshikamano huo kwa panya, hata kumbukumbu ya mwezi mzima ilifutika. Si wote wanaokubaliana. Mwaka 2013 makundi mawili yalizalisha panya wasio na PKM-zeta kabisa, na panya hao wakaweza kukumbuka, kwa hiyo mjadala ungali moto. Lakini wanaobishana wanabishania jina la mshikiliaji. Si rahisi tena kutetea kwamba kumbukumbu ni kitu kilichowekwa mahali kikaachwa. Inadumu kwa sababu inapangwa upya bila kukoma, na kila kinachoingia kinakuta umbo la kukikaribisha.

Turudi kwenye mashairi sasa, maana huko ndiko nilikotaka kufika.

Umbo la kukaribisha, katika ushairi wetu, lina majina: mizani na vina. Katika Al-Inkishafi, mistari 3 ya kwanza ya kila ubeti inafungana kwa kina kimoja, na mstari wa 4 unarudi kwenye kina kinachopita shairi zima kuanzia mwanzo hadi mwisho. Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka 1858 na Mwana Kupona binti Msham kwa ajili ya binti yake, nao una mpango wa aina hiyo, kwa mistari ya mizani 8. Tumefundishwa kuviona vina na mizani kama mapambo, au kama sheria za kumtofautisha mshairi na mropokaji. Mimi naviona kama ukuta wa zidaka. Kidaka kinasema: hapa panataka kitu cha ukubwa huu, kinachoishia na sauti hii. Msomaji akisahau neno, ukuta unamwambia ni neno la namna gani limepungua. Mara nyingi analipata lilelile. Mara nyingine analeta lingine lenye mizani hiyo na kina hicho, na ubeti unaendelea kusimama.

Bibi yangu alikuwa akiusoma utendi wa Mwana Kupona kwa ghibu huku akishona kofia. Hakusoma herufi za Kirumi. Nilimsomea toleo la kitabuni, naye akanisahihisha mimi pamoja na kitabu. Mahali kitabu kilisema neno moja, yeye alikuwa na lingine, lenye uzito uleule na mwisho uleule. Nilipomwambia kwamba mhariri ameandika vingine, alijibu bila kuinua macho, "Mjukuu wangu, sisi ndivyo tulivyopokea." Alisema kupokea. Hakusema kuweka wala kutunza. Alipokea kwa mtu aliyepokea, na njiani sahani kadhaa zilibadilishwa, na hakuna aliyehisi nyumba imeibiwa.

Wahariri wa tendi wameteseka sana na tofauti hizi. Nakala ya huyu ina beti mbili zaidi, ya yule imegeuza neno, ya mwingine imepandisha ubeti wa chini juu. Muhamadi Kijumwa wa Lamu, mwandishi wa khati, mchongaji na mshairi aliyefariki miaka ya 1940, aliwanakilia tendi watafiti wa Ulaya kama Alice Werner, Hichens na Ernst Dammann, na kazi za mkono wake ziko hadi leo katika maktaba za London na Ujerumani. Mhariri wa makavazi anazipanga nakala zote mezani na kuuliza: ipi ni ya asili, zipi zimeharibika? Ni swali halali kwa kazi yake. Lakini linachukulia kwamba kila badiliko ni uchafu. Ukiitazama kumbukumbu ilivyo hasa, kichwani na baina ya watu, badiliko dogo ndani ya umbo lililoshikwa ni dalili kwamba kitu bado ki hai. Nakala zinazolingana herufi kwa herufi kwa miaka 200 zingenitia wasiwasi zaidi. Zingeniambia kwamba watu waliacha kusoma na kubaki kunakili.

Hapa yanipasa nivute breki, maana mlinganisho ukipewa mbio unavunja miguu. Hakuna sinapsi moja iliyoshika neno "moyo". Neno moja linashikwa na mtandao wa seli nyingi, na majaribio niliyoyataja yamefanywa kwa panya na sungura, hayakufanywa kwa hafidh wa Pate. Tena msahafu hauruhusu hata irabu moja ibadilishwe, na mahafidh wanasahihishana mpaka leo ili isibadilike. Huko umbo limebanwa zaidi kwa makusudi, na wa kulisimamia ni jamaa nzima. Mwisho, Sayyid Abdallah alisema na moyo wa imani, wala hakuzungumzia kiungo cha mwili. Sidai kwamba aliijua sinapsi. Ninadai kwamba alikuwa mtazamaji makini wa jambo lilelile, na kwamba aliishi ndani ya nyumba iliyompa picha sahihi yake.

Tazama tena aliyoyafanya katika ule ubeti. Angeweza kusema zidaka ziko tupu. Wengi wangesema hivyo, na ingetosha kuhuzunisha. Yeye alisema zina makinda ya ndege. Kidaka kisichopangwa hakibaki kinangoja. Kinakaliwa. Mtu akiacha kuushughulisha moyo wake na aliloambiwa, haubaki mweupe. Unajaa mengine, yenye uhai wake na kelele zake. Ndiyo maana katika shairi moyo hauonekani kuwa mjinga. Una habari zote. Umejazwa dunia.

Sayansi nayo inasema kusahau si uvivu mtupu wa wakati. Kuna kazi inafanyika. Seli inavimeza vipokezi kutoka kwenye utando na kuviondoa penye sinapsi, na katika majaribio ya panya, kuizuia kazi hiyo kumechelewesha kusahau. Hata usingizini mambo hayalali: mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins walionyesha kwamba panya wakilala, sinapsi nyingi zinapunguza vipokezi vyake vya AMPA kwa kiasi, kama mama wa nyumba anayeteremsha vyombo apanguse rafu, ili kesho pawe na nafasi ya kujifunza tena. Walimu wa chuoni hawakusoma utafiti huo. Walijua tu kwamba somo la jana husikilizwa leo baada ya alfajiri, kabla ya kupewa jipya, na kwamba anayekesha kulisukuma lote kwa usiku mmoja atalitoa kesho na kulipoteza keshokutwa. Tangu Hermann Ebbinghaus wa Ujerumani alipojipima mwenyewe na kuchapisha matokeo mwaka 1885, utafiti umewapa walimu hao haki: kurudia kwa vipindi, pakiwa na mapumziko katikati, kunashikisha kuliko kurundika.

Ukisoma Al-Inkishafi kwa sauti, utaona shairi lenyewe linafanya muradi huo. Linauita moyo, linauacha, linaleta mfano, linaurudia tena. Msomaji wa kimyakimya anachoka: mbona huyu anarudia? Msikilizaji hachoki, kwa sababu kila mara wito unamkuta mahali pengine. Nadhani ndiyo maana wahakiki wanaolisoma kwenye karatasi tu huliona kama orodha ya maangamizi. Hawajalisikia likifanya kazi yake ya kupanga na kupanga upya.

Mwana Kupona aliliona jambo hili kwa upande wa mama. Anamwita binti yake aje na karatasi na wino, na anayaita maneno yake hirizi ya kufungwa kwa uzi. Hirizi tunaijua. Ni karatasi iliyokunjwa, ikashonewa ndani ya ngozi, isisomwe tena. Nguvu yake ni kuwapo mwilini. Lakini hirizi aliyompa ilikuwa na vina na mizani, na kitu chenye vina na mizani hakikubali kushonewa. Kinataka mdomo. Wanawake wa visiwa hivi waliifungua hirizi ile na kuipokezana miaka na miaka, wengine bila kujua kuandika, na ndiyo sababu inasomwa mpaka sasa. Mengi anayomwagiza mkewe mtu naweza kubishana nayo, na wanawake wa leo wanabishana nayo vilivyo. Hata hivyo mtu habishani na hirizi iliyoshonewa. Anabishana na neno analolijua.

Nafika kwenye jambo linalonikera, na lililonifanya niandike. Mji wa kale wa Lamu uliingizwa mwaka 2001 katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia. Hati za Msikiti wa Riyadha, nyingi za Kiarabu, zimepigwa picha za kidijiti kupitia mradi wa British Library wa nyaraka zilizo hatarini. Haya ni mambo mema, na aliyeona mchwa akila kitabu cha babu yake hawezi kuyadharau. Lakini nimeanza kusikia watu wazima, tena wasomi, wakisema, "Alhamdulillahi, sasa yamehifadhiwa," kisha wanafunga mazungumzo. Yamehifadhiwa kwa maana ipi? Picha iliyo kwenye kompyuta London ni sahani iliyotulia. Haiwezi kupotea kirahisi, nashukuru. Haiwezi pia kujifunza chochote, wala kumfundisha mtoto wa Langoni au wa Siyu ambaye Kiamu cha tendi kinamshinda kwa sababu shuleni anasomeshwa Kiswahili sanifu na Kiingereza, na nyumbani wa kumsomea amekwisha kufariki.

Tukitazama vipokezi, kinachotangulia kupotea ni mwendo. Kama wale panya wa Bordeaux: kila kitu kipo, kinasikika hata, ila hakuna kipya kinachoingia. Nina hofu tunaelekea huko. Tutakuwa na tendi zote, zimesafishwa, zimehaririwa, kila moja na nambari yake, na hatutakuwa na mtu mmoja wa miaka 20 anayeweza kutoa beti 10 kwa ghibu, akikosea neno alizibe pengo kwa lingine la mizani hiyo.

Usinielewe kwamba mambo yamekwisha. Ustadh Mahmoud Mau, imamu na mshairi wa Lamu aliyezaliwa mwaka 1952, alitunga Wasiya wa Mabanati mwaka 1974, wasia kwa mabinti katika njia ileile aliyoipita Mwana Kupona, akiupangia mambo ya wakati wake. Mashairi yake yalisambaa kwa sauti, kwenye kanda za kaseti na baadaye kwenye simu, muda mrefu kabla ya kutolewa kitabuni pamoja na tafsiri ya Kiingereza mwaka 2023. Hapo ukuta ni wa zamani na sahani ni mpya, na hakuna mtu Lamu aliyesema mila imeharibiwa. Maulidi nayo, kwa wanaoyasoma, yanafundisha jambo hilohilo kila mwaka: mmoja anaongoza, wengi wanapokea, na mtoto aliyekaa kwenye mkeka anaondoka na mstari mmoja ambao hakukusudia kuushika.

Kwa hiyo, ninapoulizwa Al-Inkishafi inasema nini leo, sijibu tena kwamba inaiombolezea Pate. Inamuuliza kila anayeishika: hizi zidaka umeachiwa, unapanga nini humo? Mhakiki ana sehemu yake, nayo si kubwa: aeleze umbo, aonyeshe neno gumu, atetee tofauti za nakala zisitupwe kama takataka. Kazi iliyobaki ni ya mdomo na ya sikio. Mwenye mtoto nyumbani amsomee ubeti mmoja usiku, ampumzishe, amuulize asubuhi. Akikosea neno, asimkaripie kabla ya kusikiliza alichoweka mahali pake.